Talaka Meru na Embu: mama wa nyumbani ana haki gani?

Sisi wa Pwani tunaijua Meru kwa miraa na Embu kwa muguka. Tunasahau kwamba nyuma ya shamba kuna mke aliyepika, akalea na kupalilia miaka nenda miaka rudi, huku hati ya ardhi ikiwa na jina la mume peke yake. Baadhi yao ni mabinti zetu walioolewa huko. Ndoa ikivunjika huambiwa, "Hukuja na kitu, hutoki na kitu." Kisheria, maneno hayo si kweli.

Kuna madai mawili, yasichanganywe.

La kwanza ni masurufu. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinairuhusu mahakama kuamuru mwenzi amlipe mwenzake matumizi: akimtelekeza, akikataa kumtunza, kesi ikiwa inaendelea, talaka ikitolewa au hata baadaye. Basi usingoje kesi iishe ndipo uombe. Baba aliyebaki nyumbani kulea naye aweza kudai. Amri hukoma anayelipwa akiweza kujitegemea. Matumizi ya watoto ni dai mbali, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022.

La pili ni mali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi, kilimo na kusimamia biashara ya familia kuwa mchango. Lakini mchango si lazima uwe nusu kwa nusu. Tarehe 27 Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa katika Kifungu cha 45 cha Katiba haumpi yeyote nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Hapa ndipo wengi hukwama. Weka risiti, jumbe za M-Pesa na daftari la mauzo ya chai au kahawa, na uwajue majirani watakaokutolea ushahidi.

Ukisikia nyumba ya ndoa inauzwa kisirisiri, kimbilia ofisi ya ardhi uombe zuio. Kuiuza kunahitaji ridhaa yako.

Wazee wa Njuri Ncheke huko Meru wanaweza kusuluhisha, na Kifungu cha 159 kinatambua njia hizo, ila hazipaswi kuvunja haki za Katiba. Usitie sahihi wala kidole gumba kabla hujasomewa ukaelewa.

Kwa Waislamu, talaka huamuliwa kwa sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi: dai nafaka ya eda, mahari yaliyobaki na kitulizo cha talaka.

Wengine waanzie mahakama ya hakimu iliyo karibu, iwe Meru, Maua, Embu au Siakago. Asiye na pesa za wakili aulizie Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria au FIDA. Na wazazi tulio huku, binti akipiga simu analia, tusimwambie avumilie tu. Tumuulize karatasi zake ziko wapi.