Jua la Bukoba, Maji ya Kilimanjaro

Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla Mzungu yeyote hajakanyaga Bukoba, magharibi mwa Ziwa Victoria, na kahawa hiyo haikupita kwenye kikaango hata siku moja. Matunda ya robusta yalichumwa yangali mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha yakaanikwa mpaka yakakauka. Mtu aliyatafuna. Mgeni alikaribishwa kwa punje chache kabla ya jambo lingine lolote, na desturi hiyo ingali hai mkoani humo, Kagera. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akameza iliyopakwa damu ya mwenzake. Ndiyo maana wafalme wa Kihaya, abakama, hawakuruhusu kila mtu kujipandia mibuni apendavyo: zao lililofunga mapatano ya damu na kuuzwa nchi jirani lilikuwa mali ya kutunzwa na watawala.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa kila mara kahawa inapoelezwa kana kwamba safari yake ni moja tu duniani kote, kutoka mti hadi kikombe. Ndani ya Tanzania peke yake tunda lile lile limeshughulikiwa kwa njia zinazotofautiana kabisa, na tofauti hizo hazikutokana na ladha tu. Zilitokana na mahali maji yalipopita, jua lilipowaka, na nani alikuwa na amri juu ya mavuno.

Tunda lililoiva limevaa nguo nyingi. Juu kuna ganda jekundu, chini yake nyama nyembamba yenye utamu, kisha ulenda unaoteleza, kisha ngozi ngumu yenye rangi ya maziwa ambayo wenye kiwanda huiita pachimenti, kisha utando mwembamba unaong'aa. Ndani kabisa zimelala punje mbili, zimegusana kwa ubavu bapa. Mara nyingine inakua moja tu, ikawa ya mviringo. Kusindika kahawa ni kuyavua yote hayo bila kuijeruhi punje, na kuteremsha maji yaliyomo, ambayo katika tunda bichi ni zaidi ya nusu ya uzito, hadi kufikia kama asilimia 11. Yakibaki mengi zaidi, ukungu huingia. Yakipungua mno, punje hukatika mashineni.

Kagera hutumia njia kavu, kongwe kuliko zote, ambayo Yemen waliitumia kwa karne nyingi. Mibuni husimama katikati ya migomba ya kibanja, shamba la nyumbani, na matunda huanikwa uani yakiwa mazima. Yatakaa juani majuma mawili, matatu, pengine manne mawingu yakitanda kutoka ziwani. Yanageuzwa mara kwa mara na kufunikwa usiku. Mkulima mzoefu hulitikisa tunda sikioni: punje ikilia ndani ya ganda, limekauka. Kazi inaonekana rahisi, lakini kahawa hunyonya harufu ya kila kilicho karibu nayo, na ile iliyoanikwa juu ya udongo mtupu hubeba udongo huo hadi mezani kwa mnunuzi. Turubai safi au kichanja kilichoinuliwa hubadilisha bei.

Adui mkubwa zaidi wa kahawa ya Kagera, hata hivyo, hakai uani. Ni butura. Mkulima mwenye shida, mtoto anadaiwa ada au mgonjwa yuko hospitali, huiuza kahawa yake ingali maua au matunda mabichi kwa mtu mwenye fedha mkononi, kwa bei ya chini sana. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, nayo inarudi. Madhara yake hayaishii mfukoni. Mnunuzi wa butura hana subira na tunda; hukwanyua mabichi na mabivu kwa pamoja ili arudishe fedha yake mapema, na tunda bichi halina jua la kulitengeneza. Kwa hiyo ubora wa kahawa huweza kuamuliwa miezi kadhaa kabla ya kuchumwa, katika maongezi ya faragha kati ya mwenye njaa na mwenye pesa.

Upande wa pili wa nchi, mambo yalianza kwa mbegu nyingine. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliojenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, walileta arabika kutoka kisiwa cha Réunion. Pwani haikuifaa sana. Mlimani Kilimanjaro, katika misheni ya Kilema, ilipata hewa ya baridi na udongo wa volkano, ikashika. Pamoja na mche ilikuja namna ya kuutendea: kumenya tunda lililoiva kabla halijakauka, kuondoa ulenda, kuosha, ndipo kukausha. Njia hiyo ya maji ilikuzwa na wenye mashamba wa visiwa vya Karibiani katika karne ya 18, ambako mvua haikuacha tunda zima likauke bila kuoza.

Njia ya maji bila maji ni maneno tu. Wachagga walikuwa nayo tayari. Vizazi kabla ya kahawa walichimba mifongo, mifereji iliyochukua maji kutoka mito ya juu na kuyazungusha miteremkoni hadi kwenye vihamba, mashamba yao ya nyumbani, ikitunzwa na koo kwa zamu na sheria. Bila mifongo hiyo, arabika ya Kilimanjaro huenda ingebaki zao la mapadre na walowezi. Walowezi wenyewe walitamani iwe hivyo, wakadai Waafrika wazuiwe kuilima. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyesimamia wilaya ya Moshi, aliwaunga mkono wakulima wa Kichagga, na mwaka 1925 wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mambo hayakuwa shwari: mwaka 1937 wakulima waliochoshwa na bei na kulazimishwa kuuza kwa chama hicho tu walifanya ghasia.

Jioni ya mavuno kihambani haina mapumziko. Tunda lililochumwa asubuhi halipaswi kulala. Likilala, linaanza kuchacha lenyewe. Kwanza humwagwa kwenye maji, na mapepe yote, matunda mepesi yaliyoharibika, huelea na kuondolewa. Kisha mashine ya kumenyea huzungushwa kwa mkono, maganda mekundu upande huu, punje zinazoteleza upande ule. Mara nyingi kazi hiyo ni ya wanawake na watoto, hata pale ambapo jina katika kitabu cha chama ni la baba. Punje huvundikwa kwenye ndoo au pipa kwa saa 24 hadi 72, kutegemea baridi ya mahali, wadudu wasioonekana wakila ulenda. Hakuna saa inayojua kipimo kuliko kiganja. Zikisuguliwa na kukwaruzana kama changarawe, zimeiva kwa kuoshwa. Zikiachwa zaidi ya hapo, zinageuka uvundo, na punje chache zilizooza zinaweza kuharibu kikombe kizima cha mwonjaji.

Baada ya kuoshwa huanikwa vichanjani kwa wiki moja hadi mbili. Jua la mchana likiwa kali hufunikwa, maana ngozi ikipasuka mapema, punje hubaki uchi.

Kenya ilichukua mkondo mwingine. Huko Waafrika walizuiliwa kulima arabika hadi miaka ya 1930, na hata hapo waliruhusiwa kidogo kidogo. Zao lilipoenea, vyama vya ushirika vilijenga viwanda vya pamoja kando ya mito, mkulima akapeleka matunda yake bila kuyamenya na kuyaacha hapo. Kahawa ikawa na sura moja na sifa kubwa sokoni. Kilimanjaro kila nyumba ilimenya yake, gunia moja la chama likachanganya mikono ya kaya nyingi: moja imeosha vizuri, nyingine imechelewa usiku mmoja. Tangu miaka ya 2000 vituo vya pamoja vya kumenyea vimeongezeka Tanzania, na bei ya kahawa ya vituo hivyo mara nyingi ni nzuri zaidi. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini mkulima anayepeleka tunda tu hupoteza ujuzi wa kiganja, na maji machafu ya kituo yasiposhughulikiwa humwagika mtoni kwa wingi ambao ndoo za nyumbani hazikuweza kuufikia.

Kutoka kihambani kahawa inashuka Moshi, kwenye kiwanda cha kukoboa. Hapo ngozi huondolewa, punje husuguliwa, huchujwa kwa matundu ya vipimo na kupepetwa kwa upepo ili nyepesi zitengane na nzito. Kubwa, zisizopita kwenye tundu la kama milimita saba, ni AA. Zinafuata A, B na C, na zile za mviringo zinakuwa PB, ambazo wanunuzi wa Marekani huzipenda sana. Waonjaji hukaanga sampuli kidogo, huzimwagia maji ya moto na kuzivuta kwa kijiko kwa sauti kubwa, kisha hutoa hukumu. Mkulima aliyeuza gunia lake kwa kawaida hayupo chumbani humo.

Kukaanga ndiko kunakomletea mnywaji harufu yote anayoijua. Punje ya kijani inanuka majani makavu. Inapofika nyuzi joto 200 hivi inapasuka kwa sauti, inavimba, inakuwa kahawia na kupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Kuna sababu ya kimaumbile ya kazi hii kufanyika mbali: punje mbichi hutunzika kwa miezi, iliyokaangwa hufifia ndani ya majuma. Kwa hiyo wakaangaji walikaa karibu na wanywaji, Hamburg, London, Tokyo. Nchini Japani jina Kilimanjaro limepata nguvu kiasi kwamba kwa kanuni za biashara huko linaweza kuandikwa juu ya arabika ya Tanzania isipokuwa ile ya Bukoba. Kahawa za Mbeya na Mbinga zinauzwa kwa jina la mlima ambao wakulima wake hawauoni.

Sababu hiyo ya kimaumbile haitoshi kueleza kila kitu. Pwani ya Waswahili imekaanga kahawa yake kwa karne nyingi bila kusubiri kiwanda: kikaangoni, kisha kinuni, kisha kwenye mdila wa shaba juu ya makaa, na kuinywa chungu kwa kashata barazani. Jaws Corner mjini Unguja siasa na mpira hujadiliwa juu ya vikombe hivyo kila siku. Bukoba nayo ina TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kinachogeuza robusta ya uani kuwa kopo linalouzwa madukani kote nchini. Na mjini Moshi, KNCU, chama kilichowahi kuzomewa na wanachama wake wenyewe, leo kinakaanga kahawa yao na kuiuza kikombe kwa kikombe katika mgahawa wake.