Kijiko na Mshumaa: Habari za Figo na Moyo katika Hospitali ya Guy

Maradhi ya istiska, yaani kuvimba miguu, tumbo na uso kwa kujaa maji, matabibu waliyafahamu tangu zama za kale, walakini kwa karne nyingi waliyadhania kuwa ni maradhi yaliyosimama peke yake, wala si dalili ya dhara iliyojificha mahali pengine mwilini. Aliyeifichua dhara moja kubwa katika hizo ni Richard Bright, tabibu wa Hospitali ya Guy, iliyoasisiwa mjini London mwaka 1721 kwa mali ya muuza vitabu Thomas Guy. Na ala zake kubwa zilikuwa kijiko, mshumaa, na kisu cha kupasulia maiti.

Mkojo wa mgonjwa aliyevimba ulitiwa kijikoni, kijiko kikashikwa juu ya mshumaa uwakao, na ulipopata moto ukaanza kuingia ukungu, kisha ukaganda mapande meupe, mfano wa ute wa yai uliotiwa kaangoni. Mgonjwa huyo akifariki, Bright humtazama figo, akazikuta zimeharibika, nyingine zimesinyaa na kuwa ngumu, na juu yake zina chembechembe. Habari hizo alizichapisha mwaka 1827, na maradhi yale yakaitwa kwa jina lake zaidi ya miaka mia.

Lakini ninaloliona kubwa kuliko hilo ni lile alilolieleza mwaka 1836, alipopanga katika jedwali habari za maiti 100 za wagonjwa wa namna hiyo, kwa kuwa hakuridhika kutazama figo peke yake. Mioyo 52 aliiona imenenepa kupita kiasi; na katika hiyo, 34 haikuwa na kilema chochote katika vali zake ambacho kingeweza kuwa sababu ya taabu ile. Basi ni nini kilichoitaabisha? Bright alijibu kwa hadhari: ama damu iliyobadilika kwa ubovu wa figo huuchochea moyo wenyewe, ama huathiri mishipa midogo midogo, hata moyo ukalazimika kuisukuma damu kwa nguvu zaidi ipate kupenya. Chombo cha kuipima nguvu hiyo katika mgonjwa aliye hai hakuwa nacho. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1858, kwa maradhi ya moyo.

Aliyeipokea kazi hiyo katika hospitali ile ile ni kijana ambaye jina lake halitajwi kwa kadiri ya haki yake, nami naona hiyo ni dhuluma: Frederick Akbar Mahomed, mjukuu wa Sake Dean Mahomed, Mhindi wa Patna aliyehamia Uingereza na kufungua hamamu mjini Brighton. Mahomed alikitengeneza upya chombo cha Mfaransa Marey, kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono, ambacho wenzo wake ulipanda na kushuka pamoja na mshipa, ukiyachora mawimbi yake juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Alipowapima waliokuwa wakipona homa nyekundu, ugonjwa ambao huweza kuziachia figo dhara, aliona mishipa imekazana kabla ule ute haujaonekana mkojoni. Na baadaye akabainisha kuwa wako watu ambao mishipa yao imekazana vivyo hivyo, nazo figo zao hazina dalili ya ugonjwa. Ikadhihirika, basi, kuwa njia baina ya viungo hivi viwili hupitwa kwenda na kurudi: figo mbovu huutaabisha moyo, na damu isukumwayo kwa nguvu nyingi miaka na miaka huziharibu figo zilizokuwa nzima. Homa ya matumbo ilimchukua mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 35.

Miaka 14 baada ya kufa kwake, mjini Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Bergman walizisaga figo za sungura, wakaukamua utomvu wake, wakawapiga sungura wengine sindano ya utomvu huo. Na shinikizo la damu la wanyama hao likapanda. Kitu kile kilichotoka figoni walikiita renini.