Gumzo la tamthilia ni uhakiki, na Kibomet ina ushahidi

Wapo wanaoamini kwamba uhakiki huzaliwa katika kumbi za mihadhara na kulelewa na maprofesa. Mimi nasema la. Sehemu kubwa ya uhakiki wa Kiswahili huku bara ilizaliwa mbele ya runinga, ikakulia dukani, kwa kinyozi na ndani ya matatu. Asubuhi baada ya kipindi, mtu anauliza, "Ulimwona yule jamaa jana?" Mwingine anajibu, "Wacha bwana, yule alistahili!" Wa tatu anakataa, na mjadala umeshaanza. Hapo pana mhusika, pana tendo, pana hukumu na pana sababu za kuitetea hukumu hiyo. Sijui kingine mnachokiita uhakiki.

Leo ningependa tuifuate historia ya gumzo hilo kwa kutumia eneo ninalolijua: Kibomet, pembezoni mwa mji wa Kitale. Sikuliteua kwa sababu ya mapenzi tu. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa walowezi Wazungu, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mashamba ya mahindi yaliwavuta vibarua kutoka kila upande. Baada ya uhuru, mashamba hayo yakagawanywa na wengine wakaja kununua vipande vyao. Matokeo yake ni kwamba Mbukusu alijikuta amepakana na Msabaot, Mnandi, Mpokot, Mturkana, Mteso na Mkikuyu. Ndani ya nyumba kila mmoja alikuwa na lugha ya mama. Nje ya ua, palikuwa na Kiswahili.

Kiswahili chenyewe hakikuwa cha Mombasa. Ngeli zilichechemea na "r" na "l" zilibadilishana viti. Hata hivyo, ndicho kilichokuwapo, na aliyetaka kubishana na jirani hakuwa na budi kubishana kwacho. Swali gumu lilikuwa hili: wabishane kuhusu nini bila kuuvunja ujirani? Shamba halikuguswa, maana kila mpaka ulikuwa na donda lake. Siasa za enzi ya chama kimoja nazo zilikuwa na masikio ukutani. Ndoa ya jirani? Hiyo ilikuwa njia ya mkato ya kufika kwa chifu. Watu walihitaji wahusika wa kuhukumiwa ambao hawangekuja kudai kuombwa radhi.

Redio ndiyo iliyotangulia kuwapa. Mnamo 1966 Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" Nadhani wasomi hatujakipa kipindi hicho heshima kinachostahili. Kilichukua tabia ya mtu asiye na jina, kikaiweka mbele ya taifa zima na kutuachia swali. Swali lile likawa chombo. Hata mtoto aliyenyimwa zamu ya kucheza mpira angemuuliza mwenzake, kwa kuigiza sauti ya redioni, kama huo ni ungwana. Kwa hiyo runinga ilipofika vijijini, iliwakuta watu walioshazoea kuhukumu mwenendo kwa Kiswahili.

Matangazo ya runinga yalianza nchini mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarejea kuitwa KBC. Lakini usidhani, msomaji wangu, kwamba 1962 ilifika Kibomet mwaka 1962. Kwa miaka mingi, mwenye runinga alikuwa mtu mmoja kati ya nyumba nyingi. Mashine yenyewe ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari iliyopelekwa mjini kuchajiwa. Kijana alikuwa nje akizungusha mlingoti wa eriali huku walio ndani wakipaza sauti: "Hapo! Hapo! Aa, umepita, rudisha!" Sebule ilijaa majirani, watoto sakafuni, wazee vitini. Betri ikizimika katikati ya kipindi, watazamaji walilazimika kuumaliza mchezo wenyewe kwa kubashiri. Hata huko kubashiri kulikuwa mazoezi ya fasihi.

Walichokitazama zaidi ni "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani". Hebu tukiangalie hiki cha pili. Kila kipindi kilikuwa kesi: kuna mshtakiwa, kiongozi wa mashtaka, mashahidi na hakimu. Kesi ilimalizika kwa uamuzi, lakini uamuzi wa hakimu haukuwa mwisho wa maneno. Kesho yake rufaa ilisikizwa chini ya mti. "Hakimu amekosea, yule mama alionewa tu." "Alionewa wapi na ushahidi ulikuwa pale?" Watu ambao hawakuwa wamewahi kukanyaga mahakamani walijifunza kutofautisha kosa na ushahidi wa kosa. Walijifunza pia kwamba mtu anaweza kuchekesha na bado awe na hatia.

Hapa lazima niseme jambo lisilopendeza. Kicheko cha vipindi hivyo kilitegemea sana lafudhi. Majina yenyewe yalitangaza kabila: Ojwang', Makokha, Masanduku arap Simiti. Walimu wengi wa Kiswahili walilalamika kwamba vipindi vilikuwa vinaiharibu lugha na kuwazoesha watoto makosa. Wengine waliona hatari kubwa zaidi, yaani kumfanya Mkenya aamini kwamba Kiswahili cha jirani yake ni mzaha. Malalamiko hayo yana uzito. Mtoto aliyechekwa darasani kwa kutamka kama Makokha alinyamaza, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika sebule iliyojaa makabila sita, kila mtu alipata zamu yake ya kuchekwa. Aliyemcheka Ojwang' dakika ya tano alichekwa kupitia Makokha dakika ya kumi. Zaidi ya hayo, Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo. Alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, na wengi waliligundua hilo alipofariki Julai 2015. Lafudhi ambayo wengine waliiona kuwa damu ya mtu ilikuwa vazi la kazi. Sijaona somo la isimujamii lililoeleza jambo hili kwa wepisi kama huo: kwamba lafudhi hujifunzwa, huvaliwa na huvuliwa, wala si kipimo cha utu.

Je, kicheko hicho cha pamoja kiliwazuia watu kuumizana? Hapana. Mwishoni mwa 1991 na mwaka 1992, ghasia za kikabila ziliwafurusha watu mashambani Trans Nzoia na Bungoma. Majirani waliotazama runinga moja walikimbia pande tofauti. Historia ya uchaguzi wa 2007 nayo mnaijua. Kwa hiyo sitakuambia kwamba tamthilia ni dawa ya chuki. Ninachokumbuka ni kilichofuata. Watu walipoanza kurudiana, hawakuanza kwa kuzungumzia yaliyotokea. Walianza kwa mvua, wakaenda kwa bei ya mahindi, kisha mmoja akauliza kama mwenzake aliona kioja cha juma lile. Haikuwa maridhiano. Ilikuwa mlango, nao ulifunguliwa kwa Kiswahili kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine waliyowahi kuchekea pamoja.

Msomaji anaweza kuniuliza: haya yote si porojo za barazani? Wataalamu wamewahi kuzipima porojo hizo. Mwaka 1975 nchini Mexico, Miguel Sabido alitayarisha tamthilia ya runinga iitwayo "Ven conmigo" ili kuwavutia watu wazima wajiunge na masomo ya ngumbaru. Mbinu yake ilifika kwetu mwaka 1987, pale "Tushauriane" ilipoonyeshwa kwenye runinga na "Ushikwapo Shikamana" ikasikika redioni, zote zikigusia upangaji uzazi. Yaangalie majina hayo. Kushauriana ni kitendo cha watu wawili au zaidi. Watunzi walijua kwamba kazi ya tamthilia haimalizikii kwenye kioo.

Tanzania ilitupa ushahidi ulio wazi zaidi. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati", wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mpenda wanawake, na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya kwanza kituo cha Dodoma hakikuurusha, na hilo likawapa watafiti, akiwamo Everett Rogers, nafasi ya kulinganisha. Matumizi ya njia za kupanga uzazi yaliongezeka zaidi mahali mchezo uliposikika kuliko Dodoma. Watafiti walipochunguza sababu, waliyakuta mazungumzo: mke na mume walimzungumzia Mkwaju, marafiki walimzungumzia Mkwaju, kisha wakajizungumzia wenyewe. Hivyo ndivyo watu wa Kibomet walivyokuwa wakifanya miaka yote bila kuandikiwa ripoti.

Tuendelee na safari. Kuanzia 1990 KTN ilifungua mlango wa runinga za binafsi, na vituo vingine vikafuata. KBC nayo ilituletea "Tausi", ambayo Kiswahili chake sanifu kiliwafanya watazamaji wa bara wasikilize kwa makini na kubishana kuhusu maana za maneno. Mwaka 2007 Citizen ikaanza "Papa Shirandula", kisa cha mlinzi wa langoni anayemficha mkewe Wilbroda kazi anayoifanya. Huku kwetu magharibi kisa hicho hakikuwa cha kuchekesha tu. Nyumba nyingi za Bungoma na Kitale zilikuwa na mtu Nairobi ambaye kazi yake haikutajwa waziwazi. Mjadala ulikuwa mkali: anadanganya kwa aibu au kwa mapenzi? Na je, aibu ni ya nani, ya mlinzi au ya jamii inayomdharau mlinzi? Charles Bukeko alipofariki Julai 2020 na kuzikwa kwao Busia, watu walimlilia kama jamaa.

Mwaka huohuo palitokea jambo lililonirudisha kwenye sebule za zamani. Kuanzia Machi 27, 2020 kafyu ya korona ilitufungia ndani tangu saa moja jioni, na "Maria", iliyoanza 2019, ikawapata watazamaji wasio na pa kwenda. Msichana wa mtaa wa mabanda anaingia katika familia tajiri ya Hausa, na kijana wa nyumba hiyo, Luwi, anavutwa huku na huku. Asubuhi, mama mboga alipima sukuma wiki huku akitoa hukumu: "Huyo Luwi hana msimamo. Si aseme tu anachotaka!" Mnunuzi akajibu kwamba mtoto wa tajiri hana uhuru kama tunavyodhani. Mama mboga alikuwa anazungumzia udhaifu wa mhusika, na mnunuzi anazungumzia tabaka. Mwanafunzi wa shahada angelipa karo kuyasikia hayo. Kisha mwaka 2022 ikaja "Sultana", yenye msichana asiyeona na lugha ya pwani, na vijana wa Kibomet wakaanza kukosoana matamshi. "Wenyewe hawasemi hivyo, ulisikia jana?" Safari hii lafudhi ya Kiswahili haikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa ya kuigwa.

Lakini kuna kinachopotea. Mwaka 2015, tulipohamia matangazo ya dijitali, kila nyumba ilihitaji king'amuzi, na vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Tangu hapo chaguo limeongezeka mno. Leo katika nyumba moja baba anatazama habari, binti ana tamthilia ya Kikorea kwenye simu na kaka yake ana ya Kituruki, kila mmoja na vidude vyake masikioni. Silaumu kuwa na chaguo. Nani atatamani kurudi kwenye kituo kimoja cha serikali? Ila mjadala unahitaji watu waliotazama kitu kimoja wakakiona tofauti. Kila mtu akitazama chake, tunabaki na mapendekezo: "Tazama hii, ni tamu." Tamu si hoja. Na panapokosekana mahali pa kutofautiana kwa mambo madogo, tutajifunzia wapi kutofautiana kwa makubwa? Kwa eneo lenye kumbukumbu ya 1992, hilo si swali la kupitisha wakati.

Ndiyo maana nawageukia walimu. Mwanafunzi asiyefungua kinywa kuhusu "Bembea ya Maisha" darasani anaweza kuzungumza nusu saa kuhusu tamthilia aliyoitazama jana, akitaja mgogoro, kichocheo cha mhusika na mwisho usioridhisha, isipokuwa hajui kwamba mambo hayo yana majina. Mwalimu aanzie hapo. Ateue kipindi kimoja ambacho darasa zima litakitazama, asikilize hukumu zao, adai sababu, kisha awape istilahi. Wale waliotazama runinga ya betri pale Kibomet hawakuwa na istilahi hata moja, lakini kila aliyesema "alionewa" aliulizwa papo hapo "kwa nini?" Swali hilo darasa lolote linaweza kuanza nalo kesho asubuhi.