Janet Wanja: Mkono Kabla ya Smashi

Klipu za voliboli huwa zinaonyesha smashi tu. Ni wachache huuliza mpira ulitoka kwa nani. Ulitoka kwa seta, na kwa miaka mingi seta wa Malkia Strikers alikuwa Janet Wanja.

Kazi ya seta iko hivi: timu ina miguso mitatu, na wa pili kwa kawaida ni wake. Ana muda kidogo sana wa kuamua nani apige, huku anasoma ukuta wa wapinzani pale kwa neti. Akipatia, sifa zinaenda kwa mpigaji. Akikosea, kila mtu anamwona.

Wanja alicheza Olimpiki ya Athens 2004. Sasa cheki hii: Kenya ikabeba ubingwa wa Afrika 2005, 2007, 2011, 2013 na 2015. Mara tano! Na bado Olimpiki za 2008, 2012 na 2016 hatukuenda. Tiketi ilikuwa na mchujo wake, na huko Aljeria ilitupita mara mbili, kisha Kameruni. Tulirudi Tokyo 2021, miaka 17 baadaye.

Alipoacha kucheza, Wanja hakuenda mbali. Akawa kocha wa mazoezi ya viungo, KCB na timu ya taifa. Yaani bado alikuwa anasetia wengine mpira. Saratani ikamchukua Desemba 2024, akiwa na miaka 40 tu.

Maoni yangu? Tusingoje matanga ndio tujue majina. Mechi ijayo, angalia mguso wa pili.