Mndimu wa Mama na Wakulima wa Gede

Mama alikuwa ameshashika chupa ya dawa. Mndimu wake wa nyuma ya jikoni ulikuwa umeliwa majani, na walioula walifanana na kinyesi cha ndege kinachotambaa. Nikamwambia, "Mama, hebu subiri kwanza." Akanitazama. "Nisubiri nini, mwanangu? Mpaka waumalize?"

Swali hilo lina historia hapa Pwani. Mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulianza Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Wakati ule majirani wengi wa msitu hawakuupenda. Tembo na nyani walitoka humo kuja kula mahindi yao, nao wenyewe wakiingia kukata mti wanakamatwa. Kwa nini basi usikatwe, watu wapewe mashamba? Kwa mtu aliyelala njaa, hilo lilikuwa wazo la busara kabisa.

Mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon alileta hesabu nyingine. Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo. Kipepeo wengi huishi wiki chache tu, kwa hiyo nyumba hizo zinahitaji pupa wapya kila mara. Pupa halishwi wala hasumbui; anafungwa vizuri, anapandishwa ndege.

Lakini kumpata kulimtaka mkulima ajifunze kupanda upya. Jike hukamatwa msituni, akawekwa ndani ya kizimba cha neti pamoja na mmea wake. Nasema mmea *wake*, maana hatagi popote. Huligusa jani kwa miguu, na kwa miguu hiyohiyo huonja. Asiporidhika, anaruka zake. Yule wa mndimu wa mama, *Papilio demodocus*, anataka jamii ya michungwa na milimau. Mwingine, *Danaus chrysippus*, anataka mimea yenye utomvu mweupe. Viwavi wakianguliwa wanakula mmea uleule, wanakula haswa. Kwa hiyo miche iliyokuwa inaitwa kichaka tu ikapandwa karibu na nyumba, ili iliwe. Na majike wakipungua, mkulima anarudi msituni. Ukikatwa msitu, biashara imekwisha. Hapo ndipo watu walipoanza kuutazama vingine.

Sitaki kuipaka sukari hadithi hii. Mwaka 2020 korona ilifunga nyumba za maonyesho, na pupa hajui kungoja: siku zake zikitimia anatoka, mnunuzi awepo asiwepo. Riziki iliyotegemea kiingilio cha mgeni wa mbali ikayumba. Msitu uliolindwa kwa sababu unalipa unahitaji sababu nyingine siku usipolipa.

Hayo yote nilimweleza mama, tumesimama pale chini ya mndimu. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na mimi nani atanilipa?" Sikuwa na jibu.

Tukafikia makubaliano. Tawi moja, la upande wa ukuta, ni la viwavi. Tuliwahamisha kwa mkono, wote wanane, huku wakitutolea pembe zao zinazonuka. Matawi mengine ni yake. Kila asubuhi huenda kuwahesabu. Chupa ya dawa bado iko dirishani.