Bukavu: Kabla ya kukata kabati la zamani kuwa kuni, tazama lilikotoka

Katika komini ya Kadutu nilimkuta baba mmoja akiwa na shoka mkononi. Mlango wa kabati la marehemu baba yake alikuwa amekwisha kuung'oa. Makala yamepanda bei, na kabati lilikuwa likimwaga unga wa wadudu. Ubao ulikuwa wa libuyu, mwekundu na mzito, na kwenye pembe zake hakukuwa na msumari hata mmoja.

Kabati kama hilo lilifikaje Kadutu? Mji huu Wabelgiji waliuita Costermansville hadi miaka ya 1950. Walijenga nyumba zao Ibanda, kwenye rasi zinazoingia ziwani Kivu, na nyumba hizo zilihitaji meza, vitanda na fotei. Kuleta vitu vizito kutoka Ulaya mpaka hapa ilikuwa safari ndefu na ya gharama kubwa. Kwa hiyo vingi vilitengenezwa hapa hapa, kwa mbao za misitu yetu kama libuyu na muvula. Misheni zilifundisha vijana useremala, nao waliunga mbao kwa ulimi na tundu na gundi ya kuchemsha. Mzungu ndiye aliyekalia kiti. Fundi aliyekitengeneza alirudi jioni Kadutu, mtaa uliotengewa Waafrika.

Kisha vitu vilianza kubadilisha wenyewe. Baada ya uhuru wa 1960 Wabelgiji wengi waliondoka. Kuanzia Agosti hadi Novemba 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji. Raia walikimbia, nyumba ziliporwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Vyombo vilivyokuwa vya wakubwa wa mashamba vikaingia katika nyumba za wenyeji. Wengine waliviuza, wengine wakawarithisha watoto.

Vita vilirudi Oktoba 1996, vikarudi Juni 2004, na Februari 2025 tumekimbia tena. Kila mara watu hubeba godoro, sufuria na watoto. Kabati huwezi kulipandisha mlima kichwani, hubaki. Kwa hiyo kila lililobaki mpaka leo limepita katika hayo yote.

Wewe uliye nalo, au uliyerudi ukalikuta, mafundi wa zamani wanashauri hivi. Kwanza mjue adui. Unga laini chini ya vitundu vidogo ni alama ya wadudu wanaokula ubao kutoka ndani. Njia za udongo ni za mchwa wanaotoka ardhini. Kwa mchwa, inua miguu ya kabati juu ya mawe na uisogeze mbali na ukuta. Kwa wadudu wa ndani, tia dawa ya mbao kwenye vitundu kwa sindano, ukiwa nje, mbali na moto na watoto. Kisha ziba vitundu kwa nta ya nyuki. Ukiona kitundu kipya, utajua bado wamo.

Pili, kumbuka mvua. Kuanzia Septemba hadi Mei ubao hunywa unyevu na kuvimba. Mlango ukikwama wakati huo, usiupige randa: kiangazi kikifika utasinyaa na kuacha nafasi. Ubao uliolowa ukaushe kivulini. Jua kali huupasua.

Tatu, usiuoshe kwa maji mengi, maana gundi ya zamani huyeyuka. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, paka nta kidogo, sugua. Kiungo kikilegea, kigundishe upya; msumari hupasua ulimi wa mbao.

Yule baba aliposikia hayo aliugeuza mlango. Upande wa ndani marehemu alikuwa ameandika kwa penseli tarehe za kuzaliwa za watoto wake saba. Vyeti vyao vilipotea katika kukimbia, na wawili kati yao hadi leo hawajui miaka yao vizuri. Shoka aliliweka chini, akaomba msumeno mdogo wa kukata sehemu iliyooza tu.

Ndugu zetu mlio mbali na nyumba zenu, siku mtakayorudi, chungulieni kwanza nyuma ya milango na chini ya droo. Na ninyi mnaokaa katika nyumba za waliokimbia, vyombo vyao msivichome.