Uboreshaji wa malengo mengi

Uboreshaji wa malengo mengi ni tawi la hisabati na sayansi ya kompyuta linalotafuta suluhisho bora pale ambapo malengo ni mawili au zaidi na yanavutana. Kwa kawaida hakuna suluhisho moja linaloshinda yote. Kinachopatikana ni kundi la masuluhisho ambayo hayawezi kuongezwa faida upande mmoja bila kupoteza upande mwingine. Kundi hilo huitwa mpaka wa Pareto, kutokana na jina la mwanauchumi wa Italia Vilfredo Pareto (1848–1923).

Mfano wa Mpwapwa

Tatizo la aina hii lilikabiliwa zizini katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, mkoani Dodoma. Katika karne ya 20 watafiti walichanganya zebu wa kienyeji, Boran, Sahiwal na Red Sindhi, pamoja na damu kidogo ya ng'ombe wa Ulaya. Matokeo yake ni ng'ombe wa Mpwapwa, anayefugwa kwa maziwa na nyama. Damu ya Ulaya huongeza maziwa, lakini ikizidi mnyama hushindwa na joto, kupe na uhaba wa malisho. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili, anayekamuliwa sana kisha akafa kiangazi ni hasara tupu.

Mwaka 1943 Mmarekani L. N. Hazel alieleza njia ya kuipa kila sifa ya mnyama uzito wake, kisha kujumlisha kupata alama moja. Njia hiyo ni rahisi, ila uzito lazima uamuliwe mapema.

Kuunganisha njia mbili

Algoriti za mageuko huiga uzalishaji wa mifugo: masuluhisho mengi hushindanishwa, yaliyo bora huchanganywa, na mengine hubadilishwa kidogo kwa bahati nasibu. Inayojulikana zaidi ni NSGA-II ya Kalyanmoy Deb na wenzake (2002). Hutoa mpaka mzima kwa mara moja, lakini husogea polepole inapoukaribia.

Njia ya gradienti, iliyoanzishwa na Mfaransa Augustin-Louis Cauchy mwaka 1847, hufuata mwinuko kama mtu anayepanda mlima gizani kwa kupapasa kwa miguu. Ni ya haraka, ila huweza kuishia kwenye kilima kidogo cha karibu. Malengo yakiwa mengi, kila moja lina mwinuko wake. Hutafutwa mwelekeo unaoyanufaisha yote, na usipokuwepo, huenda mpaka umefikiwa.

Peter Bosman na Edwin de Jong walichunguza muungano wa njia hizi mwaka 2005. Mageuko hutawanya masuluhisho, gradienti huyasogeza. Ugumu ni gharama: pasipo fomula, kukadiria gradienti yenye vigeu 30 huhitaji majaribio 30 ya ziada kwa nukta moja tu. Kwa hiyo gradienti hutumiwa kwa baadhi ya masuluhisho, inapoonekana kulipa. Kwa ng'ombe halisi haitumiki hivyo, kwani kila jaribio ni ndama wa kusubiriwa miaka kadhaa hadi akamuliwe.